Miezi Mitano ni Mingi

Gari lilikuwa jeusi, refu, limetulia katikati ya duka kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Mzee alilizunguka mara tatu bila kuligusa. Mara ya nne akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Hili ndilo," akasema.

Binti yake aliinama akachungulia chini ya gari. Alikuwa mpima ardhi, mwanamke wa miaka arobaini na moja aliyeungua jua la viwanjani, na hakuwa na kawaida ya kukubali kitu kabla hajakipima. Alimgeukia muuzaji.

"Linavutwa na magurudumu mangapi?"

"Mawili, dada. Ya nyuma." Muuzaji alikuwa mkweli, na ukweli wake ndio uliokuja kumuumiza binti baadaye. "Lakini hili hili, rangi hii hii, linakuja la fo-wili. Magurudumu yote manne yanavuta. Mzigo unaingia baada ya miezi mitano. Mkitaka, naandika jina leo."

"Andika," alisema binti.

"Usiandike," alisema baba.

Wakacheka wote watatu, lakini cheko la mzee liliisha kabla ya la wenzake.

Kwa miaka thelathini na minne mzee huyu alikuwa dereva wa wakubwa. Aliwaendesha majaji, wakurugenzi na wageni wao, na wenzake kazini walimbandika jina la Taratibu, kwa sababu hata bosi aliyechelewa ndege alijibiwa, "Taratibu, mheshimiwa, tutafika." Na walifika. Magari ya kifahari aliyajua kuliko wenyewe waliokaa nyuma wakisoma magazeti. Lakini kila jioni alikabidhi funguo, akapanda mlima kwa miguu hadi nyumbani kwake. Alipostaafu, na mkewe akawa ametangulia mbele ya haki, alitaka jambo moja tu: gari kama yale, la kwake, aliendeshe yeye.

Binti hakuwa na neno juu ya hilo. Neno lake lilikuwa mlima. Nyumba waliyoishi wawili hao ilikuwa juu kabisa, na njia ya kuifikia ilikuwa udongo wa mfinyanzi mtupu. Aliwahi kuipima kwa vyombo vyake: kila mita sita unazokwenda, unapanda moja. Kiangazi ilikuwa ngumu kama sakafu. Masika, hata mbuzi walifikiri mara mbili.

"Baba, gari zito namna hii, likisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, litakuwa sabuni kwenye sinia," alisema. "Miezi mitano si mingi. Umesubiri miaka thelathini na minne."

"Miezi mitano ni mingi," alisema mzee.

"Mingi kwa nini? Gari si ndizi, haliozi."

Mzee akaondoa mkono kwenye boneti. "Basi angalau niache nilijaribu. Kujaribu nako mpaka upime?"

Walitoka watatu, mzee kwenye usukani, binti pembeni yake, muuzaji nyuma. Mita mia chache za kwanza binti alisahau ubishi wote. Hajawahi kumwona baba yake hivi. Mabega yalishuka, uso ukalainika, na gari likawa linateleza barabarani kimya kama maji. Alikuwa karibu kusema, "Haya, tulichukue," pale mwendesha baiskeli alipotokeza kutoka uchochoro wa kushoto.

Nyuma ya baiskeli lilikuwa limefungwa godoro jekundu, pana kama mlango. Mzee hakupunguza mwendo. Hakugeuza hata jicho.

"Baba! Baba, breki!"

Breki zilishika. Mwenye baiskeli aliruka, baiskeli ikaangukia upande wake, na godoro likajibwaga mbele ya gari. Mtu hakuumia. Alisimama, akajipangusa magoti, akaja hadi dirishani.

"Mzee, huoni?" aliuliza. Hakuwa anatukana. Alikuwa anauliza.

Mzee alizima injini, akashuka, akamwomba radhi yule mtu kwa mikono miwili, akamsaidia kufunga godoro lake upya. Kisha akampa muuzaji funguo. "Turudishe wewe, mwanangu."

Nje ya duka palikuwa na benchi la chuma. Walikaa hapo, muuzaji akarudisha gari ndani.

"Tangu lini?" aliuliza binti.

"Mwaka na nusu. Presha ya macho. Kwanza nilidhani ni miwani, nikabadilisha miwani. Halafu nikaanza kugonga milango." Mzee alikuwa akitazama mbele moja kwa moja, na sasa binti alielewa kwa nini siku hizi baba yake hutazama hivyo. "Pembeni hakuna kitu, mama. Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba."

"Na daktari amesemaje?"

"Amenipa dawa ya matone. Amesema niache kuendesha."

"Na wewe ukaja kununua gari!"

"Nikaja kununua gari," alisema mzee. "Hilo la miezi mitano, mama, litanikuta nalisikia tu."

Binti alitaka kukasirika. Godoro lile lingeweza kuwa mtoto. Alimwambia hivyo, kwa sauti ya juu kuliko alivyokusudia, na mzee akaitikia kwa kichwa kila neno kama mtu anayesomewa hukumu anayoikubali. Hasira ikakosa pa kukaa, yakabaki majonzi.

Wiki ile yote alifanya kazi kwa mazoea. Alikuwa anapima eneo la shule mpya, mambo ya kamba, vigingi na mawe ya mpaka. Siku moja aliinamisha jicho kwenye kioo cha chombo chake, akaona kigingi cha mbali kikiwa wazi kabisa ndani ya kiduara kidogo, na kila kitu kingine duniani kimetoweka. Akabaki ameinama vile vile mpaka msaidizi wake, mama wa makamo mwenye maneno mengi, akamuuliza kama kigingi kimemsalimia.

Alikwenda kwa daktari wa macho. Daktari, mama mpole aliyezoea kutoa habari mbaya, alimwambia wazi: barabarani, hapana, hata siku moja. Na dalili za hatari ni hizi: maumivu ya ghafla, jicho jekundu, kutapika. "Ukiziona, usingoje kesho. Hata saa moja ni nyingi."

Binti alifanya hesabu zake kama anavyopanga mipaka. Akisubiri la magurudumu manne, atakuwa na gari la kupanda mlima, na baba asiyeweza kuliona. Akichukua hili, baba atapata alichokitamani, na mlima utabaki mlima. Lakini gari si litaweza kulala chini ya mlima, bandani kwa seremala jirani yao, siku za mvua? Wamepanda kwa miguu maisha yao yote. Wafanye hivyo msimu mmoja zaidi, kuna ubaya gani?

Jumamosi iliyofuata walilichukua.

Masharti yalikuwa ya binti. Barabarani anaendesha yeye. Baba ataendesha mahali pamoja tu, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege ndogo, nje ya mji, ambacho hakijatumika kwa miaka na ambacho aliwahi kukipima. Mlinzi alimfahamu, akafungua geti, akafungia mbwa wake.

Asubuhi ya kwanza mzee alivaa sare yake ya zamani, suruali nyeusi na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Alirekebisha kiti, kioo, mkanda. Akanyoosha gari katikati ya ile njia ndefu ya lami, akaliachia. Alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mara polepole, mara kwa kasi iliyomfanya binti ashike mlango.

"Taratibu!" alipiga kelele binti.

"Taratibu amestaafu!" alijibu mzee, akicheka kwa sauti ambayo binti hakuisikia tangu mama yake yu hai.

Walikwenda Jumapili saba. Ya saba, mzee alisimamisha gari katikati ya kiwanja akauliza kama lami imeisha. Ilikuwa bado mita mia nne. Binti alimwambia ndiyo, imeisha, wakabadilishana viti.

Mvua zilianza mapema mwaka ule. Gari likahamia kwa seremala chini ya mlima, nao wakapanda kwa miguu, mzee ameshika kiwiko cha binti na kumtania kwamba sasa yeye ndiye bosi na binti ndiye dereva. Kisha zikapita siku nne za jua. Njia ikakauka. Mzee akaomba gari lipandishwe nyumbani alioshe kwa mikono yake, kwa sababu seremala alikuwa amelijaza vumbi la mbao. Binti akaona hakuna tatizo. Akalipandisha.

Siku ya pili yake, saa tisa alasiri, binti alikuwa mezani akichora ramani pale mvua ilipopiga bati kama kokoto. Nusu saa baadaye akasikia sauti chumbani kwa baba. Alimkuta amekaa kitandani, ameshika upande wa kulia wa kichwa, ametapika kwenye beseni. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kama nyanya.

"Taa ina pete," alisema mzee. "Naona pete za rangi. Mama, kichwa kinapasuka."

Binti alikumbuka kila neno la daktari. Alimvalisha koti, akamweka garini, akaanza kushuka kwa gia ndogo, akigusa breki kwa ncha ya mguu. Kona ya kwanza alipita. Ya pili, sehemu ya nyuma ya gari ilihama yenyewe, polepole, kama mtu anayegeuza kiti ili aketi vizuri. Alirudisha usukani. Gari halikumsikiliza. Liliserereka kiubavu na kuangukia mtaroni, limeinama, tairi la nyuma likizunguka hewani.

Alijaribu kuling'oa. Alivunja matawi akayalaza chini ya tairi la pili, akakanyaga mafuta, udongo ukamrukia usoni kupitia dirishani. Dakika arobaini aliziacha pale. Baadaye alizihesabu hizo kuliko nyingine zote: angeshuka mara moja, angeokoa dakika arobaini.

"Mama," aliita mzee kutoka ndani, sauti imepungua. "Liache gari. Twende."

Walishuka kwa miguu, wakianguka na kuinuka, mzee sasa akiwa haoni upande wala mbele. Seremala alikuwa amefunga. Walisimama barabarani kwenye mvua mpaka lori la mchanga likawahurumia. Walifika hospitali saa moja kasoro dakika chache jioni. Siku kavu, safari hiyo ni dakika arobaini.

Jicho la kushoto lilibaki na kiduara chake. La kulia halikurudi.

"Tungewahi?" binti alimuuliza daktari kwenye korido, nguo zake zikiwa zimekauka na udongo. "Lingepona?"

Daktari angeweza kusema hapana, na binti angelala vizuri. "Labda," alisema. "Labda lisingepona pia. Mshipa wa jicho ulikuwa umeshachoka. Sitaki kukudanganya kwa upande wowote."

Gari lilivutwa na trekta, likanyooshwa bodi, likarudi bandani kwa seremala. Binti alilifunika turubai, akawa anapanda mabasi. Miezi mitano ilipotimia, muuzaji alipiga simu kwa furaha: lile la fo-wili limefika, wangependa kuja kuliona? Binti alimshukuru, akakata simu, akaenda kulia bafuni bomba likiwa wazi ili baba asisikie. Baba alisikia. Masikio yake siku hizi hayakupitwa na kitu.

Siku chache baadaye, wakiwa wanamenya viazi jikoni, mzee kwa vidole na binti kwa macho, ni binti aliyeshindwa kuvumilia.

"Baba. Ningekataa siku ile. Ningekuambia subiri, ukasubiri. Ingekuwaje?"

"Ungekataa ningekununia mpaka kiama."

"Sitanii."

Mzee aliweka kisu chini.

"Sijui, mama," alisema. "Kuna siku naamka namshukuru Mungu kwa zile Jumapili. Nikiziwaza, nazisikia mpaka kwenye nyayo. Na kuna siku naamka na hasira, nataka jicho langu. Nakuwa na hasira na gari, na mvua. Na wewe kidogo. Nisikufiche." Akapapasa meza mpaka akaupata mkono wa binti. "Na mimi ndiye niliyesema lipandishwe nilioshe. Hilo nalo lipo."

Binti aliuacha mkono wake pale. Alikuwa ametarajia kusamehewa au kulaumiwa, na alichopewa si hiki wala kile, ila alikiamini.

Wiki iliyofuata alipanda na kushuka mlima na vyombo vyake, akipigilia vigingi kando ya njia. Miaka yote hiyo alikuwa amepima barabara za watu wengine, na njia ya kwao aliipima mara moja tu, kwa ajili ya kubishana. Seremala alitoa mbao, majirani wakatoa mikono. Walichimba mitaro miwili ya kutoa maji, wakapanga mawe kwenye kona ya pili, wakayashindilia. Mzee alikaa juu ya gunia pembeni, akichagua mawe kwa kuyapima kwa viganja, makubwa huku, madogo kule, akiwagombeza waliochanganya.

Mvua ya kwanza ilipokuja, binti alitoka na mwavuli kwenda kutazama. Maji yalikuwa yanakimbia mitaroni. Mawe yalikuwa yameshika. Alisimama kwenye ile kona kwa muda, akapiga jiwe moja teke ili aone kama litatikisika, kisha akapanda nyumbani kumweleza baba, ambaye alikuwa ameshatoka mlangoni na kuuliza, "Yameshika?"

"Yameshika," alisema binti. "Ingia ndani, unalowa."