Waya wa Breki kwenye Vani ya Baba

Mama alikubali kuhamia kwangu kwa sharti moja tu: mashine yake ya kusagia nafaka iende naye. Mashine hiyo ina uzito wa karibu tani nzima, na barabara ya kutoka kwake ina mteremko unaowatoa jasho madereva wa magari mapya, sembuse vani ya marehemu baba, ambayo tuko rika moja. Kaka akaazima tela lenye breki zake za umeme. Iliyobaki ilikuwa kazi yangu mimi, fundi umeme wa familia: kufunga kwenye vani kisanduku ambacho, dereva akikanyaga breki, kinapeleka umeme nyuma ili tela nalo lijishike. Mnunuzi wa nyumba ya Mama alikuwa anaingia Jumapili, na hiyo ilikuwa Ijumaa.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Nikavuta waya mnene kutoka kwenye betri, nikaupitishia fyuzi, nikafunga soketi ya tela nyuma. Kisha nikafungua kifuniko cha chini ya usukani. Nyaya zote zilikuwa nyeusi. Baba alinunua roli moja tu ya waya, akasema rangi ni mapambo. Ila kila waya ulikuwa na uzi wenye mafundo: huu moja, ule mawili, hadi manne. Nikamkumbuka baba.

"Taa ya kupimia unayo. Pima," kaka akasema.

"Nipime nini? Baba namjua. Kila siku alikuwa anasemaje? Breki kwanza, mengine baadaye! Fundo moja ndiyo breki."

Mama alikuwa ameketi kizingitini anakunja mashuka. Akanitazama, akajitia hamnazo, akaendelea kukunja.

Nikaunganisha. Tela tulikuwa tumeliinua kwa jeki, nami nikazungusha gurudumu kwa mkono. Kaka akakanyaga breki. Gurudumu likaendelea na safari yake. Akawasha indiketa ya kushoto. Hapo gurudumu likashika na kuachia, likashika na kuachia, kama mtu mwenye kwikwi. Kaka akacheka mpaka akalala kwenye usukani.

Mimi sikucheka. Hasira hasara, najua, lakini zangu hufika kabla ya methali. Nikachukua koleo. "Nakata zote! Fundi gani anafunga mafundo bila mpango? Kumbe alikuwa anabahatisha tu, na sisi tukamwita bingwa!"

"Weka hilo koleo chini." Mama alikuwa amesimama, mashuka yameanguka. "Usimsingizie marehemu. Mafundo nilifunga mimi."

Akaja akaketi kiti cha mbele, akatueleza. Baba alikuwa amelala chini ya gari, anasukuma nyaya kuja mbele. Yeye Mama hakuweza kuinama kwa sababu ya tumbo.

"Na wewe," akaniambia, "ndiye uliyekuwa humo, unanipiga mateke. Kila waya uliofika niliupokea, nikaufunga uzi wenye mafundo kwa zamu yake: wa kwanza moja, wa pili mawili. Breki ilikuja ya mwisho. Ni mafundo manne. Baba yenu aliimba huko chini kutwa nzima, na hakuna wimbo hata mmoja aliokuwa anaujua mpaka mwisho."

Tukacheka wote watatu. Nikaunganisha wa mafundo manne. Kaka akakanyaga, gurudumu likasimama papo hapo. Akaachia, likawa huru. Tukarudia mara tano, likatii mara tano.

"Mama," nikasema, "umetuona tunahangaika tangu asubuhi. Mbona hukusema?"

Alikuwa anapangusa vumbi kwenye dashibodi kwa ncha ya kanga yake.

"Nilijua mtaupata tu, mko wawili na vifaa mnavyo. Nilitaka mchelewe. Hata siku moja, mwanangu, ni siku."

Kaka akazima gari. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeulizia uzito wa mashine, upana wa tela na unene wa waya.

"Mama, unataka kuja kweli?"

"Sasa ndiyo unaniuliza," akasema, bila ukali. Akanipapasa shavu, akashuka, akaingia ndani kuanza kuteremsha mapazia. Mimi nikarudi chini ya usukani, nikajifanya kuna waya wa kukaza, nikalia humo humo.