Mwezi Ulioliwa Nusu

Kazini walimwita Mwewe, kwa kuwa miaka kumi na minane alikaa juu kabisa ya kreni na hakuna kilichompita huko chini. Mkewe alikuwa mshonaji, na kaka wa mkewe ndiye aliyekuwa mpiga ishara wa kreni hiyohiyo. Alikuwa, maana wiki tano nyuma boriti ya chuma ilishuka kabla ya wakati ikamkandamiza fundi wa nondo, akafa palepale. Mbele ya meneja, Mwewe alisema kweli kama alivyoijua: mkono wa kusimamisha haukuinuliwa. Shemeji yake aliapa kuwa aliuinua. Aliyeaminiwa ni Mwewe. Shemeji akafukuzwa siku ileile, na tangu hapo kila alipokuja kula kwa dada yake aliinamia sahani tu.

Jioni ya kupatwa kwa mwezi, binti yao wa sekondari ndiye aliyewapandisha wote kwenye paa la jengo, katikati ya matangi ya maji na kamba za nguo. Majirani nao walikuwepo, mmoja kabeba na kiti. Jua lilikuwa limezama sasa hivi, na mwezi ulikuwa unachomoza nyuma ya maghala, mzima kabisa.

"Mbona hauliwi?" akauliza mwenye kiti.

"Ni kivuli cha pembeni," binti akaeleza. "Mwalimu alisema utafifia kidogo tu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi."

"Yaani nimepanda ngazi zote hizi kuja kuangalia mwezi uliochoka?"

Watu wakacheka. Kiti kikarudi chini na mwenyewe.

Binti alikuwa ameviringisha jalada la daftari likawa kama bomba, ili taa za barabarani zisiwasumbue. Mama akachungulia, akasema haoni kitu. Mjomba wake akachungulia, akasema labda pale juu pana kama moshi. Mwewe akafumba jicho la kushoto, akaweka bomba kwenye la kulia.

"Nyie vipi?" akasema. "Nusu nzima imeliwa! Upande wa kulia wote mweusi tii."

"Baba, acha utani."

"Utani gani? Kama umekatwa kwa kisu."

Binti akachukua bomba, akatazama, akamrudishia polepole. Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Jaribu jicho lingine, baba."

Kwa jicho la kushoto mwezi ulikuwa mzima. Akarudi la kulia: nusu. La kushoto: mzima. Alirudia mara nne, kama mtu anayebonyeza swichi ya taa iliyoungua.

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Nilijua ni vumbi la saruji." Akashusha bomba. "Miezi miwili hivi. Kwanza vidoa vinaelea, halafu kama pazia pembeni. Nikasema litatoka lenyewe."

Hakusema lililobaki, ila mkewe alilijua: mwendesha kreni akilalamikia macho, hapandi tena.

 Sasa shemeji alisogea, akasimama hatua tatu kuliani kwa Mwewe, akainua mkono juu, ngumi imefungwa, kama kazini.

"Shemeji, tazama mbele tu, usigeuke. Mkono wangu uko wapi?"

Mwewe alitazama mbele. Alisikia pumzi za shemeji yake, alimsikia binti akianza kulia kwa kujizuia. Mkono hakuuona.

"Siku ile nilisimama hapa," shemeji akasema, wala sauti haikupanda. "Hapahapa."

Asubuhi Mwewe hakwenda hospitali. Alikwenda kwa meneja, akamweleza habari ya jicho.

"Una hakika unataka niliandike hili?" meneja akamuuliza, kalamu mkononi.

"Andika."

Mtu mwingine akapewa kreni kabla ya mchana. Daktari aliyemwona baadaye alimwambia utando wa nyuma ya jicho umebanduka siku nyingi. Angewahi, wangejaribu kuurudisha. Shemeji alipata barua ya kumsafisha jina na akaitwa arudi kazini. Akakataa. Alisema kila atakapoinua mkono atajiuliza kama kuna anayeuona.

Siku ya tatu Mwewe na shemeji yake walikwenda kwa mjane wa fundi, aliyepanga chumba nyuma ya kinyozi. Huyu ndiye aliyemfukuza shemeji makaburini, mbele za watu. Mwewe alieleza yote akiwa amesimama mlangoni. Mjane alisikiliza huku akikunja nguo, kisha akaacha kukunja.

"Ulijua jicho ni bovu?"

"Nilijua linasumbua."

"Na ukapanda."

"Nikapanda."

 Mashine ya kunyolea ilisikika upande wa pili wa ukuta.

"Wiki tano namchukia mtu asiye na kosa," mjane akasema. "Leo unakuja kunipa mwingine wa kumchukia. Nguvu hizo nitazitoa wapi, baba?"



Mjane akamgeukia shemeji. "Kaka yangu, nisamehe." Akavuta kigoda kimoja tu kilichokuwepo, akakipangusa kwa kiganja, akamkaribisha akae. Wakaanza kuzungumza kuhusu marehemu, mambo madogomadogo, namna alivyopenda kuimba akifunga nondo. Mwewe alibaki pale mlangoni, hakuambiwa aingie wala aondoke, mpaka walipomaliza.