Nani Aliifuta Sura ya Saba

Vitabu elfu tatu vya hesabu vilikuwa vimepangwa hadi dari, na hakuna hata kimoja chenye sura ya saba. Sita, ruka, nane. Mama Wino, mpanga kurasa wa kiwanda kile cha uchapaji kwa miaka kumi na tisa, alisimama mbele ya marundo hayo huku barua ya kumfukuza imeshaandikwa. Ilibaki kutiwa muhuri tu.

"Sahihi hii ya nani?" mwenye kiwanda aliuliza, akimpungia karatasi usoni.

"Yangu, mzee."

"Basi tumemaliza."

"Tumemaliza nini? Ndiyo kwanza tunaanza."

Kila asubuhi, kabla mtambo haujawashwa, Mama Wino hufungua kidirisha cheusi cha kompyuta, kisicho na picha wala pambo, akaandika neno moja na kusoma orodha ya faili zilizobadilika tangu jana: ipi imeongezwa, ipi imerekebishwa, ipi imefutwa. Akiridhika, anatia sahihi karatasi ya kuruhusu kuchapa. Programu hiyo iliandikwa na mpwa wa mwenye kiwanda, kijana mwenye kiburi cha jogoo wa shamba. Walimwita Profesa kwa kumkejeli, naye akadhani ni sifa.

"Orodha ilisema imefutwa," Profesa alisema, miguu juu ya meza. "Kama shangazi hajui kusoma, mjomba, kompyuta ina kosa gani?"

"Shangazi yako yuko kwenu. Hebu nionyeshe hiyo sura ya saba iko wapi."

Miguu ikashuka. Orodha ya siku ile ikateremka kwenye kioo, mistari mia mbili na arobaini, imenyooka kama askari wa gwaride. Ili safu zisipinde, Profesa alikuwa amekata mkia wa kila jina, zikabaki herufi ishirini tu. Na faili zote za kitabu kile zilianza hesabu-darasa-la-nne. Sura ilitajwa mwishoni. Basi kioo kizima kilikuwa jina lile lile, juu mpaka chini.

"Hii hapa, imefutwa," Profesa alisema baada ya kutafuta mpaka jasho likamtoka.

"Sura gani?"

Profesa akarudi mwanzo wa orodha, akaanza kutafuta tena.

"Mimi nilijua siku ile faili la jalada la zamani la kitabu hiki lilikuwa lifutwe," Mama Wino alimwambia mwenye kiwanda. "Nikaona imefutwa moja, nikasema ndilo hilo. Mzee, umenipa gunia la paka weusi, unataka nikuambie yupi hana jicho. Mwamuru mpwa wako akate kichwa cha jina, aache mkia. Zilizofutwa zikae juu, zenyewe. Na aliyefuta aandikwe."

"Sipangiwi kazi na mtu wa gundi!"

"Fanya," mjomba alisema. "Una saa moja."

Profesa aligonga vibonye kana kwamba anampiga mtu. Saa ikaisha, akaandika lile neno, orodha ya siku ile ikatoka upya. Mwenye kiwanda akavaa miwani, akasoma mstari wa juu kwa sauti:

"Imefutwa, moja: sura-ya-saba. Aliyefuta..." Akavua miwani. "Jalada la zamani nilimwagiza nani alifute?"

"Mimi, mjomba. Lakini mimi nafuta kwa namba ya mstari, na majina yote yanafanana..."

"Yanafanana!" Mama Wino akapiga makofi mara moja. "Kumbe na wewe hujui kusoma."

Mwenye kiwanda aliichana barua vipande vinne. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa hivyo. Akamgeukia mpwa wake. "Sura itachapwa leo. Utaibandika wewe, kitabu kwa kitabu."

"Vyote? Itachukua siku ngapi?"

Mama Wino alimsukumia kopo la gundi na brashi iliyokauka nusu.

"Piga hesabu, Profesa. Ya darasa la nne."