Jiko la Wali la Kampuni ya Korongo

Hung Pao-chin alipika chakula cha shule mjini Kaohsiung, kusini mwa Taiwan, kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumdanganya bei ya kabichi. Ndiyo maana ukumbi wao wa hisa ulipotangaza kufungwa, wenzake watatu walimchagua yeye awatafutie kampuni nyingine ya udalali. Kwa miaka kumi na tisa walikuwa wameketi pamoja mstari wa pili mbele ya ubao wa bei, wakitafuna mbegu za tikiti na kusutana. Sasa wakaambiwa kila mtu ananunua kwa simu, viti havina kazi.

"Tukitawanyika tumekwisha," alisema A-luan, fundi cherehani mstaafu ambaye mdomo wake ulikataa kustaafu naye. "Kila mmoja atabaki kwake akizungumza na paka."

Tena kulikuwa na suala la theluji. Wanne hao walikuwa wamechanga kwa miaka mitatu, mfuko ukafika yuan laki moja na elfu themanini, ili mwezi wa pili waende Hokkaido wakaione. Hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa theluji, isipokuwa ile inayoganda ndani ya friji. Mfuko ulikuwa kwa jina la Pao-chin, na heshima yake yote ilikuwa humo.

Basi akafungua akaunti katika kampuni nne ndani ya wiki mbili, na sitakuficha, zilikuwa wiki tamu. Kampuni ya kwanza ilimpa mwavuli. Ya pili ilimpa taulo. Ya tatu, iliyoitwa Korongo, ilimpa jiko la umeme la kupikia wali, jekundu, linalopiga muziki wali ukiiva, kwa sharti dogo tu la kuweka amana isiyopungua laki na nusu. Pao-chin akalitazama lile jiko, jiko likamtazama, mfuko wa theluji ukaingia Korongo. Ya nne ilikuwa ghorofani, juu ya duka la supu ya bata, nayo haikutoa kitu, hata chai. Huko aliweka elfu kumi na tano, kwa adabu tu.

"Sasa tuwapime," aliwaambia wenzake. "Wote watakwambia ada yao ni ndogo. Mimi wauza samaki wa shule niliwajua kwa njia moja. Nilikuwa naomba samaki wa juzi. Aliyekubali kuniuzia, huku anajua watakaokula ni watoto, sikurudi kwake tena."

Samaki wa juzi safari hii alikuwa mkataba wa kinga. Anayenunua kinga hulipa bei ndogo, na soko likianguka chini ya kiwango walichoandikiana, yeye hulipwa. Anayeuza kinga huipokea hiyo bei ndogo, akafurahi, na soko likianguka ndiye anayelipa hadi jasho limtoke. Mwenye akili akiuza moja hununua nyingine ya kiwango cha chini zaidi, asije akazama. Kuuza kinga tupu, bila hiyo ya pili, siku ya Jumanne, wakati mkataba unaisha Jumatano na tufani iko baharini inaamua pa kupita, ni sawa na kuahidi kumlipa kila mtu atakayelowa. Pao-chin alijua hayo vizuri. Alitaka kuona nani atamwambia.

Jumanne hiyo asubuhi, soko lilipofunguka, wote wanne walikuwa jikoni kwake, simu katikati ya meza, sauti imefunguliwa. Kampuni ya mwavuli ikapokea.

"Nataka kuuza kinga tatu za kesho," alisema Pao-chin. "Tupu."

"Vizuri sana, dada. Kwa bei ya soko?"

"Ngoja kwanza, nimeghairi."

Kampuni ya taulo nayo ikasema vizuri sana, ikaongeza kwamba akiuza tano atapata kikombe. A-luan alicheka mpaka mbegu ikampalia. Wakapiga Korongo.

"Nataka kuuza kinga tatu za kesho, tupu," alisema Pao-chin, akavuta pumzi ili aghairi.

"Tayari, dada. Tatu, pointi sitini. Asante kwa kuchagua Korongo, wepesi kuliko upepo."

Simu ikakatika. Pumzi ya Pao-chin ilikuwa bado kifuani, haijapata kazi.

"Ameuza?" aliuliza A-luan.

"Ameuza."

"Theluji yetu?"

Pao-chin akapiga tena. Korongo sasa ikampigia muziki, uleule wa jiko la wali, na mwanamke wa mashine akimwambia yeye ni mteja wa thamani. Kwa programu ya Korongo kwenye simu angeweza kujinusuru mwenyewe, lakini neno la siri lilikuwa limebandikwa kwenye boksi la jiko.

"Boksi liko wapi, A-luan? Jana nilikukabidhi ukanitunzie."

"Nilimpa mzee anayeokota maboksi. Angalau yeye aliniuliza hali."

Katika televisheni bei za hisa zikaanza kugeuka kijani, na kwao kijani ni kushuka, ni kilio. Kinga aliyoiuza kwa pointi sitini ikafika sabini, ikafika sabini na nane. Pao-chin hakuogopa umaskini, alishapika mchuzi kwa mifupa peke yake. Aliogopa kuwageukia wanawake hawa watatu na kuwaambia theluji yao ameibadilisha na jiko.

"Malizia mtihani basi," alisema A-luan. "Ukishalowa, mvua ya nini tena."

Akapiga ile ya nne. Ikalia mara mbili, akapokea mwanamume mwenye sauti iliyokwaruza, akakohoa kwanza.

"Fang hapa."

Pao-chin alikwisha kuchanganyikiwa, ulimi ukasema ulichozoea. "Nataka kuuza kinga tatu za kesho, tupu."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Hapana, dada, siuzi. Tufani inapanda kaskazini. Usiku Taipei, liliko soko, wakitangaza mapumziko, kesho soko halifunguki, na mzigo huo utakaa nao unautazama hadi Alhamisi. Nani kakushauri? Umekula lakini?"

Pao-chin akaanza kucheka na kulia kwa mpigo, hata mwenyewe hakujua kipi kilitangulia. "Nimeshauza," alisema. "Korongo."

Kikohozi kirefu. "Kwa ajili ya jiko la wali?"

"Umejuaje?"

"Mama yangu anayo mawili. Haya, sikiliza, dada. Korongo mimi siwezi kuwafungulia mlango. Lakini kwangu una elfu kumi na tano. Nunua kinga zilezile hapa, tatu, kiwango kilekile, tarehe ileile. Kule ukilipishwa, huku utalipwa. Si lazima dawa ikae nyumba moja na ugonjwa."

"Zimepanda, Bwana Fang. Themanini na tano."

"Naziona. Kila pointi ni yuan hamsini, kwa hiyo umeuza kwa elfu tisa, utanunua kwa elfu kumi na mbili na mia saba hamsini. Pengo hilo ndilo karo yako ya leo. Na ada yangu nitakutoza, wala sikupunguzii."

"Nunua wewe," A-luan alinong'ona kwa sauti iliyosikika hadi kwa jirani, "theluji inayeyuka."

"Huyo nyuma ni nani?"

"Paka wangu," alisema Pao-chin.

Fang hakuharakisha hata hapo. Alimfanya arudie oda neno kwa neno. Kununua, siyo kuuza. Tatu, siyo thelathini. Aliporidhika akasema, "Imeingia. Sasa zima televisheni, mle."

Usiku Taipei ikatangaza mapumziko ya tufani. Kesho yake Kaohsiung jua liliwaka, nguo zikakauka kwa nusu saa, na soko la nchi nzima likawa limefungwa kwa sababu ya mvua wasiyoiona. Alhamisi likafunguka, likaporomoka. Korongo ikachukua elfu tisini kutoka kwenye mfuko wa theluji. Kwenye akaunti ya duka la bata zikaingia elfu tisini. Wanawake wanne waliziangalia namba hizo mbili wakacheka mpaka A-luan akalazimika kutoa meno yake ya bandia na kuyashika mkononi.

Korongo walisema anayeondoka kabla ya miezi sita hurudisha zawadi. Pao-chin akapika wali wa mwisho, wakala wote, akaliosha jiko na kulipeleka likiwa bado vuguvugu. Kisha wakapanda ghorofa ya bata. Fang alikuwa mtu mfupi aliyevaa ndara, na ofisi yake ilikuwa na ubao mdogo wa bei lakini haikuwa na pa kukaa.

"Hata mwavuli hawana," alisema A-luan.

"Miavuli tunayo," alisema Pao-chin. "Bwana Fang, sisi tuko wanne na tunakaa pamoja. Hilo halina mjadala."

Fang aliwatazama, akakohoa, akateremka kwa muuza supu, akarudi na viti vinne vya plastiki, akavipanga mstari mmoja mbele ya ubao.

Mwezi wa pili, Hokkaido, theluji iliwafika magotini. A-luan aliionja na kusema haina chumvi. Pao-chin alivua glavu, akaitoa simu, akaifungua sauti ili wote wasikie.

"Bwana Fang, nataka kuuza kinga kumi. Tupu."

"Hapana, dada," ilisema sauti iliyokwaruza. "Mmekula?"

"Tumekula."

"Basi unataka nini?"

"Kusikia hicho hicho," alisema Pao-chin, na wenzake wakamwomba apige tena.