Kamba ya Mhina Juu ya Maji

Habari ya kifo haitumwi kwa simu. Ndivyo wanavyosema wazee wa Kizigua, na mtani akipatikana ndiye anayeipeleka. Mimi ni Mnyamwezi. Mashamba ya mkonge ya nchi hii nimeyazunguka karibu yote, uzee ukanikuta Korogwe, na watu wa ukoo wa Mhina wakanifanya mtani wao. Basi siku Rukaya, binti wa Mhina, anarudi nilitumwa Mombo, pale mabasi yanaposimama watu wapate kula, nimwambie kabla hajafika nyumbani kwamba baba yake amekufa.

Baba yake alikuwa ameshazikwa na arobaini ilikuwa imefika. Alianguka wakati binti yuko kambini ng'ambo, anajiandaa na mashindano ya kuogelea. Wakamzika kwao Handeni, na kikao cha ukoo kikaamua mtoto asiambiwe mpaka aogelee. Mwalimu wake wa kuogelea, Richard, akakubali. Mwatumu, mama yake Rukaya, ndiye aliyelimaliza lile shauri. Alisema akiambiwa atarudi, na akirudi baba yake hafufuki. Simu ya marehemu ikabaki kwa Sufiani, kaka mtu. Dada akituma salamu kwa baba, anayejibu ni yeye.

Binti akaogelea, akapata medali ya shaba, na hajawahi kuwa na kasi kama ya siku ile. Mwatumu yuko ndani ya eda, akaletewa habari chumbani. Akasema, "Mmeona." Tangu siku ile kila anayekuja kumpa pole anaambiwa neno hilo. Mmeona, tulificha, na mtoto kashinda. Akishalisema anaweza kula kidogo.

Niseme kidogo habari za kuogelea kwenyewe, maana wengi hapa wanajua kuogelea ni kukimbia mamba tu. Rukaya anaogelea chali, uso juu. Anayeogelea chali haoni anakokwenda. Kwa hiyo kwenye mabwawa ya mashindano hufungwa bendera juu ya maji, karibu na mwisho. Akiziona zimempita usoni anaanza kuhesabu mikono anayopiga, na hesabu ikitimia ajue ukuta umefika, ageuke. Asipohesabu, kichwa kitamwambia.

Mhina alikuwa mtu wa korona, ile mashine ya kuchuna mkonge. Pale shambani kwao kulikuwa na bwawa la saruji la kuogelea lililoachwa na mameneja wa zamani, likawa la kuwekea maji ya kitalu. Huko ndiko Rukaya alikojifunzia. Mhina aliposikia habari za bendera akasokota kamba ya mkonge mwenyewe, akafunga vipande vya khanga kuukuu za Mwatumu, akapima kwa miguu yake kutoka ukutani, akaitundika. Sasa Mhina alikuwa mfupi. Kamba ikakaa karibu na ukuta kuliko inavyotakiwa.

Binti akakua na hesabu ya kamba ile. Akashinda mashindano ya shule, akachukuliwa Dar es Salaam, akapandishwa ndege. Huko ng'ambo mara ya kwanza alipita bendera, akahesabu kama alivyozoea, akageuka, akatupa miguu, ukuta hakuna. Akabaki anapiga maji katikati kama bata. Tangu hapo akawa anahesabu ya baba, kisha anaongeza miwili. Alikuwa anaiita miwili ya watu. Mhina alipoambiwa aisogeze kamba alikataa. Alisema, "Wasogeze wao zao."

Basi la kutoka Arusha, ndege ya Rukaya ilikotua, likaingia Mombo. Abiria wakashuka kutafuta chipsi na ndizi. Rukaya akashuka na begi lenye bendera ya taifa, mrefu, mabega kama ya mbeba magunia. Akaniona.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Umenenepa mikono. Ukinipiga nitakwenda kushtaki kwa nani?"

Hakucheka. Nikamkalisha kwenye benchi la mama muuza chai, nikaagiza vikombe viwili. Nimewahi kupeleka habari za namna hii mara nyingi, na najua unaanzia mbali. Nikaanza na mvua. Nikaja kwenye mahindi.

"Babu," akasema, "kunywa chai yako. Najua."

"Unajua nini?"

"Baba amekufa."

Nikamuuliza ni nani aliyemwambia.

"Hakuna. Nilimtumia baba salamu kwa sauti, kama siku zote. Nikajibiwa kwa maandishi. 'Hongera mwanangu, Mungu akutangulie, ni mimi baba yako.' Baba yangu aandike? Baba kubonyeza herufi hajui. Anashika kitufe cha sauti anapiga kelele kama yuko koronani. Na lini baba akaniambia yeye ni baba yangu?"

"Hukuuliza?"

"Ningeuliza ningeambiwa."

Mama wa chai alikuja kufuta meza, akaondoka. Nikamuuliza kama alijua kabla ya kuingia majini.

"Kabla. Siku kadhaa kabla." Alikuwa anaikoroga chai na sukari hajaweka. "Watu wananiuliza nilifanyaje. Sikufanya kitu. Niliingia, nikalala, nikaona dari. Bendera zikapita. Sikuhesabu, babu. Si ya baba wala ya watu. Mkono ukagusa ukuta, nikageuka, nikarudi. Wakanivisha kile kitu shingoni. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi, anaona anashonwa, hasikii."

"Na sasa?"

"Bado."

Nikamweleza habari ya mama yake, na lile neno mmeona. Nilimwambia nionavyo mimi: nyamaza. Mama ana hilo tu la kushikilia. Ukimwambia ulijua, utakuwa umemwambia walikuacha na msiba peke yako nchi za watu, na walichokificha hakikufichika.

Akatazama milima ya Lushoto. "Ninyamaze mpaka lini? Kila mgeni akija atasema mmeona, nami nimekaa pale nimevaa medali. Na mimi kumwambia siwezi. Nikifungua mdomo sijui kitatoka nini, labda kisitoke kitu." Kisha akasema, "Wewe ni mtani. Wewe unaruhusiwa. Liseme kwenye utani. Akitaka kulisikia atalisikia. Asipotaka, ni mzee mlevi tu."

"Mimi silewi."

"Kwenye msiba kila mtani amelewa."

Tukapanda. Tukashukia Korogwe.

Nyumbani Old Korogwe hitma ilikuwa imeshasomwa na pilau linapakuliwa. Wanawake wakamzunguka Rukaya wakalia. Yeye akasimama katikati yao mikono imening'inia. Halafu wakaanza kuniita, maana arobaini bila mtani haijaisha. Nikavaa kofia ya marehemu na mabuti yake ya korona, nikaingia uani.

"Wazigua, mimi ni Mhina. Nimerudi. Nani kala kuku wangu?"

Wakacheka. Shemeji mmoja akanirushia maganda ya ndizi. Nikadai nilipwe soda kwa sababu kaburi lao ni jembamba, nikapewa. Kisha nikajitupa chali kwenye jamvi, karibu na dirisha la chumba cha Mwatumu, nikaanza kupiga mikono. Watu wakashika mbavu.

"Mimi sasa ni Rukaya. Naogelea. Mmeniona? Hawa Wazigua wajinga wamenificha kifo cha baba yangu. Wamempa simu Sufiani aandike. Mhina anajua kuandika? Mhina alikuwa akiona kalamu anadhani ni kijiti cha meno. Nilijua siku ile ile, enyi wajinga. Nikajua nikanyamaza, nikaogelea na maiti yangu kifuani."

Walicheka. Sufiani alicheka kuliko wote, halafu akaacha. Akatazama dada yake. Rukaya alikuwa amekaa na medali shingoni, sahani ya pilau magotini, anatafuna.

Dirishani pazia halikutikisika. Lakini tasbihi ilikuwa inasikika ikigongana humo ndani tangu asubuhi, ikanyamaza.

"Rukaya," mama yake akaita.

Akaingia. Nilibaki palepale kwenye jamvi, mabuti ya watu miguuni, na sikuondoka.

"Mtani anasema ulijua."

"Ndiyo mama."

"Kabla ya kuogelea?"

"Kabla."

"Kwa hiyo ulikuwa peke yako."

"Nilikuwa majini, mama."

"Sikuulizi ulikuwa wapi."

"Ndiyo. Nilikuwa peke yangu."

Uani wakaanza kukusanya sahani. Sikusikia kilio cha yeyote. Kisha Mwatumu akasema, "Vua hilo lililo shingoni, linanigusa. Lala hapa." Kitanda kikalia.

Jioni wakaja wageni kutoka Bungu, waliochelewa kwa sababu ya barabara. Wakampa pole kupitia mlangoni, wakamsifu kwa busara ya kumficha mtoto mpaka akashinda. Nikatega sikio. Mwatumu akasema, "Asanteni. Mtoto amekuja." Hakuongeza neno, wala siku zilizofuata sikumsikia tena akisema mmeona. Chakula nacho akawa anakirudisha nusu.

Kesho yake nilimpeleka Rukaya Handeni kaburini. Udongo ulikuwa bado umeinuka, na mtu alikuwa ameweka matawi ya miiba mbuzi wasikanyage. Tukasoma fatiha. Akasimama muda mrefu upande wa miguu.

"Alilazwa ubavu gani, babu?"

"Wa kulia. Kama wote."

"Basi juu haoni."

"Haoni."

Simu yake ikaita. Alikuwa Richard, anauliza kama atarudi kambini au apeleke jina la mwingine. Akamjibu atarudi Jumatatu, kwa sauti ileile ambayo mtu anaagizia chumvi dukani. Akaiweka simu mfukoni.

"Kamba ipo bado kule bwawani?"

"Ipo. Vitambaa vimepauka, na maji siku hizi ni ya magoti."

"Sufiani anasema watu wa shamba wanataka kuishusha."

"Wanasema hivyo."

"Mwambie asiwaache." Akainama, akasogeza tawi moja la miiba lililokuwa limeanguka, likamchoma kidole. Akakitazama kidole kikitoa damu, akangoja maumivu. "Bado," akasema, akakifuta kwenye khanga, tukaenda kutafuta gari.