Ndiyo na Siyo kwa Macho

Baraza lile lilikuwa na sera ya ujumuishi, imechapwa kwa rangi na kutundikwa ukutani juu ya swichi ya taa. Lilikuwa pia na diwani mmoja kiziwi, fundi cherehani aliyepewa kiti maalumu ili sera ipate wa kupiga naye picha. Mkalimani ndiye hakuwepo. Hoja ya kumwajiri ilizungushwa kamati hadi kamati, maana mwenyekiti, ambaye watu walimwita Tutaona, alikuwa na jibu moja kwa kila jambo.

Karani wa baraza alikuwa wifi yake diwani huyo. Nyumbani walizungumza kwa mikono tangu karani aolewe na kaka mtu, wakisengenya hata wageni waliokaa mbele yao. Lakini katika kikao cha kwanza kabisa, karani alipojaribu kumfafanulia wifi yake jambo, Tutaona alimwonya kwamba mikono ya karani ni ya kuandika kumbukumbu, na akirudia atahamishiwa idara ya makaburi. Karani alikuwa na watoto shuleni. Akashika kalamu yake.

Basi diwani, wifi yake, akawa anasoma midomo, na mengi aliyapata. Ila hebu simama mbele ya kioo, useme ndiyo, kisha useme siyo, uone kama midomo itakusaidia. Yeye alijitafutia ujanja: ndiyo huulizwa kwanza siku zote, kwa hiyo alifuata zamu.

Siku hoja ilipofika ukumbini, baada ya ngoja ngoja iliyoumiza matumbo, wifi alivaa gauni jipya alilolishona kwa ajili hiyo. Kura ikapigwa kwa sauti, na pande zote mbili zikasikika sawasawa. Tutaona, ambaye njaa ilishaanza kumuuma, akaamua watu wasimame wahesabiwe. Wapinzani walikuwa wamekaa karibu naye, akaona aanze nao.

"Wanaosema siyo, wasimame."

Wifi akawa wa kwanza kusimama, uso umejaa furaha.

Karani alimwona. Ishara ya kumwambia akae ni ndogo tu, ya kushusha kiganja, na kiganja kilikuwa pale mezani. Akamtazama Tutaona, akainamia karatasi. Diwani jirani alimvuta wifi gauni. Wifi akamtoa mkono, akidhani anazuiwa. Wa ndiyo waliposimama, jirani yule akiwa mmoja wao, wifi alimkazia macho kama msaliti. Halafu akalihesabu kundi lao, akaona lake limezidi, akatabasamu.

Jirani akalalamika kwamba mama huyu hakuelewa swali. Tutaona akatikisa kichwa kwa upole.

"Aliyesimama amesimama. Tusimfanye mwenzetu mtoto mdogo, ana haki ya kupinga kama sisi sote. Hoja imeanguka. Ikirudi mwaka ujao, tutaona."

Watu wakaanza kukusanya makabrasha yao. Wifi akaigeukia meza ya karani, akauliza kwa mikono, mbele ya wote: tumeshinda, siyo?

Karani alijichukia, na sababu aliijua. Akaweka kalamu chini, sasa ambapo haikusaidia kitu tena, akamjibu kwa mikono yake yote miwili, na madiwani wakasimama pale pale walipokuwa, wakimtazama wifi akielewa.