Chuma cha Bafuni

Chuma cha kushikia kilichomoka ukutani pamoja na skrubu zake mbili, na Bi Fundi akatua sakafuni kwa kishindo, chuma chenyewe angali amekikumbatia. Maji ya bomba yaliendelea kumwagika kwenye ndoo kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa kitambo hakupumua. Nyonga ya kushoto ilikuwa imeanza kuwaka moto, lakini si hiyo iliyomziba pumzi, alikuwa anasikiliza. Kama kuna mtu aliyesikia, basi yamekwisha.

Hakuna aliyekuja. Ukumbini Sista, muuguzi wao, alikuwa akiwahimiza wazee wavae mashati safi, na redio ilikuwa juu. Bi Fundi akajikokota, akashika ukingo wa sinki, akasimama alipojaribu mara ya tatu.

Tuelewane mapema: mwanamke huyu hakuwa mwongo. Miaka arobaini aliwashonea watu nguo, na hakuna mteja aliyewahi kudai kipande cha kitambaa chake kimepotea. Lakini mwezi uliopita mzee mmoja wa upande wa wanaume alianguka akavunjika nyonga, na barua ikaja. Matroni, ambaye ndiye aliyeianzisha nyumba hii ya wazee kwa mikono yake, aliwakusanya wote kwenye chumba cha chakula akaisoma kwa sauti isiyokuwa yake. Mkaguzi angekuja. Ikionekana ajali nyingine, leseni ingefutwa, na wazee wote kumi na wanane warudishwe kwao. "Na wasio na kwao," alimalizia huku akiikunja barua, "watapelekwa nyumba kubwa ya serikali." Tangu siku ile hakuna aliyeanguka. Yaani, waliendelea kuanguka kama kawaida. Kusema ndiko kulikokoma.

Kwao Bi Fundi kulikuwa orofa ya nne, kwa mwanawe. Mwana mwema, hata adui asingemsema. Ila yeye na mkewe waliondoka alfajiri na kurudi jioni, na kwa kuogopa mama asije akaporomoka kwenye ngazi, walimfungia mlango kwa nje. Ufunguo ulizunguka mara mbili. Miaka miwili mizima aliusikia kila asubuhi, kisha akabaki na kimya chake. Siku moja jirani alibisha hodi, naye alipotaka kuitikia akakuta sauti haitoki. Ilikuwa imelala kwa kukosa kazi. Alipoletwa hapa, maneno ya kwanza ya mwenzake wa chumba yalikuwa, "Ewe bubu, unakoroma?" Akacheka, na sauti ikarudi.

Mwenzake huyo aliitwa Mkunga, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya mpaka macho yalipomwacha. Sasa aliona vivuli tu, lakini alikataa katakata kuogeshwa. "Nimeogesha watoto wa mji mzima," alisema, "nani aniogeshe mimi?" Alihesabu hatua toka kitandani: kumi na moja mpaka mlango wa bafu, tatu mpaka kwenye chuma. Na methali yake ilikuwa moja tu, aliyoitumia kwa kila jambo, kuanzia tumbo la kufunga hadi siasa: mficha uchi hazai.

Basi Bi Fundi akatia mkono mfukoni, mahali ambapo uzi na sindano havikukosekana hata siku moja. Akazizungushia skrubu uzi wa buluu mpaka zikanenepa, akazipaka sabuni iliyolainika, akazisukuma kwenye matundu yake. Akarudi nyuma kutazama. Chuma kilikaa sawasawa, kizima kabisa, ili mradi usikiguse. Mkaguzi atatazama kwa macho na kuandika, alijiambia, na jioni nitatafuta namna ya kumdokezea Sista.

Mkaguzi alifika saa nne. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na tabasamu la mtu aliyelala vizuri, na tabasamu hilo ndilo lililowatisha zaidi.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba!" waliitikia wote kwa sauti kubwa mno, kama wanafunzi waliovunja dirisha.

Akavuta kiti akaketi katikati yao, daftari magotini. "Nina swali moja. Mwezi huu kuna mtu ameanguka? Au ameteleza, hata kidogo?"

"Hapana." Mzee mwenye plasta kwenye kiwiko aliuficha mkono nyuma ya kiti. "Sisi hapa tunatembea kama twiga," akasema mwingine, na watu wakacheka. Matroni alicheka kupita wote.

"Na wewe, mama?" Mkaguzi alikuwa anamtazama Bi Fundi. "Mbona umekaa upandeupande?"

"Ndivyo nilivyozoea, mwanangu. Cherehani ilinipinda."

Alitaka kumgusa Mkunga mkono, kama walivyozoea mambo yakiwa mazito, akapapasa kiti cha pembeni. Kitupu.

"Mkunga yuko wapi?" alimnong'oneza Sista.

"Ameenda kuoga." Sista alitabasamu. "Eti mkaguzi asimkute ananuka dawa."

Bi Fundi alizihesabu hatua. Kumi na moja mpaka mlangoni. Tatu mpaka kwenye chuma. Mkunga hakugusa chuma kwa kuegemea kidogo kama watu wenye macho. Alikipa mwili wake wote. Na chini yake kulikuwa na ukingo wa sinki, na sakafu ambayo Bi Fundi mwenyewe aliiacha na povu. Akisimama, watamwona anavyochechemea. Akifungua mdomo, nyumba imekwenda, na ufunguo utazunguka tena mara mbili, na safari hii sauti haitarudi.

Na hapa ndipo ilipo aibu yake, wala sitaificha: alikaa. Hakukaa sana, ila alikaa, mikono magotini, huku mkaguzi akiuliza habari za chakula na mtu fulani akisifu uji. Kisha kule mwisho wa ujia wa vyumbani maji ya bomba yakafunguliwa.

"Mkunga! Usishike chuma!"

Hakujua kama bado ana sauti ya namna ile. Kiti kilianguka nyuma yake. Alikwenda akiburuta mguu, mkono mmoja ukutani, akilia waziwazi, na nyuma yake akasikia viatu vya raba. Alipiga mlango wa bafu kwa viganja vyote viwili. "Usishike! Nakuomba, usishike!"

"Sijakishika," sauti ya Mkunga ikajibu kutoka ndani, tulivu. "Nani akishike kile? Kimelegea tangu juma lililopita. Mimi hushika bomba."

Viganja vya Bi Fundi vilibaki pale pale mlangoni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia?"

Maji yakafungwa. "Ningekuambia, ungemwambia Sista, na mkaguzi akasikia. Wewe huwezi kuficha kitu." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Bi Fundi hakuwahi kuisikia kwake, Mkunga akauliza, "Kwani wewe umejuaje?"

Mkunga alipotoka amejifunga taulo, mkaguzi alipita, akakishika chuma kwa vidole viwili, akavuta. Kikaja chote, na nyuzi za buluu zikining'inia, zinachuruzika sabuni.

"Nani amekitengeneza hivi?"

"Mimi," Bi Fundi akasema. "Nimeanguka leo asubuhi, hapo uliposimama. Nikakirudisha ili usione."

Matroni aliegemea ukuta akafumba macho. "Skrubu mbili, jamani," Sista akasema. "Mngeniambia, si ningemwita fundi siku hiyo hiyo?" Wazee walikuwa wamejaa kwenye ujia, na mwenye plasta alikuwa ameutoa mkono wake mafichoni, anautazama.

"Vyuma vya namna hii viko vingapi humu?" mkaguzi akauliza.

"Tisa," Matroni akasema.

"Nionyeshe vyote. Na huyu mama aitiwe daktari sasa hivi."

"Utaandika nini, mwanangu?" Bi Fundi akauliza.

Mkaguzi alikuwa bado ameshika chuma. Tabasamu lilikuwa limekwisha zamani. "Nitaandika nitakachokikuta, mama. Wanaoamua ni wengine."

Walimlaza kitandani kwake, Sista akamwekea kitambaa cha maji baridi kwenye nyonga, akatoka kwenda kupiga simu. Mkunga akaja kwa hatua zake kumi na moja, akapapasa godoro, akaketi.

"Mficha uchi—" Bi Fundi akaanza.

"Nyamaza." Mkunga alimkatiza. "Wewe una orofa ya nne. Mimi sina hata ngazi. Niliogopa, mwenzangu. Niliogopa mpaka nikakuacha uanguke."

Bi Fundi alitazama dari. Angeweza kuliacha jambo hapo, awe yeye ndiye aliyekosewa. "Kabla sijakuita, nilikaa," akasema. "Nilijua uko bafuni, nikakaa."

"Muda gani?"

"Kama wa kutunga uzi kwenye sindano."

Mkunga akafikiri. "Kwa macho yako, au kwa yangu?"

Kicheko kiliwatoka wote wawili, kibaya, cha puani, na kikakatika upesi kwa sababu upande wa pili wa ukuta mkaguzi alikuwa ameanza kazi. Walisikia mlango, hatua, kisha chuma kinatikiswa. Cha kwanza hakikulia, kimekaza. Cha pili nacho hakikulia. Hatua zikavuka kwenda kwenye bafu la wanaume, lile alimoangukia yule mzee wa mwezi uliopita, na mlango wake ukafunguka taratibu.

Mkunga alipapasa shuka mpaka akaupata mkono wa mwenzake, akaushika, akaupa uzito wake wote. Nyonga ilimchoma Bi Fundi hadi kisogoni. Akauma meno, akaukaza mkono usitikisike.